Mikono ya Mama Vyombo

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tangu mwaka wake wa kwanza alikuwa Mama Vyombo, na sasa alikuwa anautafuna mwaka wa ishirini na mbili. Hata kwenye ratiba ya likizo iliyobandikwa nyuma ya mlango wa ofisi, karani alimwandika "M. Vyombo", kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mwenyewe hakuchukia. Jina lilitokana na kazi, na kazi yake aliipenda.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya kwanza ya taasisi ya utafiti: masinki mawili ya chuma, jiko la mvuke lenye mlango mzito wa kufunga kwa gurudumu, tanuri la umeme refu kama mtu mzima, na rafu za mbao kuta tatu. Asubuhi watafiti walimletea chupa na bilauri za kupimia zikiwa zimegandiwa na kila namna ya uchafu. Jioni walizikuta zimepangwa, zinang'aa, midomo imefunikwa foili. Alikuwa akigonga shingo ya chupa kwa ukucha, anasikiliza kidogo, kisha anakwambia ina ufa ambao wewe mwenye miwani yako hujauona. "Hii kwisha habari yake," alikuwa akisema, na kuitia kwenye pipa la vioo. Ukibisha, alikuruhusu uitoe humo mwenyewe ukajaribu bahati yako.

Kulikuwa na chupa za aina ya pekee, za mkanda wa bluu, alizozitunza kama mboni ya jicho. Hizo zilikuwa za kuwekea maji ya kazi za RNA, ile chembe nyepesi kuharibika inayobeba maelekezo ndani ya seli. Mkuu wa mafundi wa maabara, aliyeitwa Mzee Darubini kwa jinsi alivyoinamia darubini mpaka shingo ikapinda, ndiye aliyemfundisha miaka mingi nyuma.

"Mvuke unaua vidudu," alimwambia. "Lakini kuna vitu vinaitwa vimeng'enya. Hivi si vidudu. Huwezi kuviua kwa sababu haviishi. Viko kwenye ngozi, kwenye jasho, kwenye mate. Vikiiona RNA vinaikatakata kama panya aliyeingia kabati la nguo. Dawa yake ni moto mkavu."

Basi chupa za bluu zilipata moto mkavu: nyuzi mia mbili na arobaini, saa nne kamili. Mama Vyombo alizishika kwa glavu mbili mbili, na kila siku aliandika kwenye daftari la tanuri tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na sahihi yake yenye mkia mrefu. Hakuna aliyemwamuru kuandika. Aliona tu kwamba kitu kisichoandikwa, siku ya maneno, huwa hakikufanyika.

Siku ya maneno ilikuja na Daktari.

Huyu alikuwa mtafiti kijana, karejea kutoka masomoni, suruali imenyooshwa hadi unaweza kujikata nayo. Profesa, mama mmoja mtaratibu aliyeiongoza maabara ile, alimkaribisha kwa furaha na kumtaka aeleze kazi yake mbele ya wote, pamoja na wafagizi na walinzi. Daktari alieleza vizuri, hilo lazima lisemwe. Alisema kuna seli za saratani zinazojifunza kuitema dawa. Zinajitengenezea protini inayokaa ukutani mwa seli kama pampu. Dawa ikiingia, pampu inaitapika nje. Yeye alitaka kuipunguza pampu hiyo. Asingeigusa pampu yenyewe. Angetuma ndani ya seli vipande vifupi vya RNA vilivyotengenezwa mahususi, vikautafute ule ujumbe unaobeba maelekezo ya kutengeneza pampu, na kuukata kabla haujasomwa.

Mama Vyombo, aliyesimama nyuma karibu na mlango, alielewa kwa njia yake. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Vipimo viko kwenye daftari kubwa. Vinanakiliwa kwenye kikaratasi, kikaratasi kinapelekwa kwenye cherehani, shati linashonwa. Huyu kijana alitaka kukichana kikaratasi njiani. Akatabasamu. Akaona ni ujanja mzuri kweli.

Miezi miwili baadaye hakuna aliyekuwa anatabasamu. Daktari alikuwa ametia vipande vyake kwenye seli mara tatu, na mara zote tatu, alipopima kesho yake, pampu ilikuwa palepale, haijapungua hata chembe. Wafadhili walitaka taarifa. Daktari akaanza kutembea kwenye korido ameuma midomo. Akabadilisha dawa ya kupitishia vipande kwenye seli. Akabadilisha kabati la joto zinamokuzwa seli. Mwisho akaanza kuja kwenye chumba cha kuoshea, anasimama mlangoni, anatazama tu.

"Unatafuta kitu, Daktari?"

"Hapana. Endelea."

Jumatatu moja asubuhi, kwenye kikao cha kila wiki, Daktari alisimama na boksi dogo mkononi. Walikuwa watu kumi na mmoja kuizunguka meza. Alisema kwamba baada ya kufikiri sana ameridhika kuwa vipande vyake vya RNA vinaharibiwa kabla ya kufika kwenye seli. Kuna vimeng'enya ndani ya maji anayomumunyishia vipande hivyo. Na maji yanakaa kwenye chupa.

"Kuna mtu anashika chupa zangu kwa mikono mitupu," alisema.

Macho ya watu kumi yakageuka pamoja, na Mama Vyombo akayahisi usoni kama mtu aliyefunguliwa tanuri.

"Nani?" aliuliza.

"Mama, simtuhumu mtu. Tutapima tu. Naomba kiganja chako."

Alisema "naomba", lakini alikuwa amekwisha kutoa kijiti chenye pamba. Mama Vyombo alimtazama Profesa. Profesa alikuwa anasoma karatasi zake. Alimtazama Mzee Darubini. Mzee Darubini alikuwa anafuta miwani. Akanyoosha mkono, maana hakuwa na la kuficha, na yule kijana, aliyelingana umri na mwanawe wa kwanza, akamsugua kiganja na katikati ya vidole mbele ya watu wote, kama mifugo inavyokaguliwa mnadani. Akachovya kijiti kwenye kimiminika kinachong'aa kikikutana na vimeng'enya, akazima taa, akawasha kitaa cha zambarau. Kile kimiminika kikang'aa.

"Mnaona," alisema Daktari.

Alasiri ya siku hiyo Mama Vyombo alikabidhiwa barua ya onyo. Ilisema amekiuka taratibu za usafi "kama ilivyothibitishwa kwa kipimo", na kwamba hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo atahamia stoo ya vifaa vya ofisi. Alipopita kuchukua mkoba wake, kwenye mlango wa chumba alichokitunza miaka ishirini na mbili kulikuwa na karatasi imechapwa kwa kompyuta: MAMA VYOMBO HARUHUSIWI KUINGIA. Herufi kubwa, kama tangazo la mbwa mkali.

Hakulia. Alikwenda nyumbani akiwa amevimba, na huko alivunja glasi mbili wakati wa kuosha vyombo, jambo ambalo watoto wake hawakuwahi kuliona tangu wazaliwe.

Mumewe alikuwa mtu wa amani. Alisikiliza habari yote huku anapitisha uzi kwenye sindano. "Mke wangu, waachie," alisema. "Stoo mshahara ni uleule. Hakuna kuinama, hakuna moto. Chukulia umepumzishwa."

"Nimepumzishwa?"

"Nasema tu—"

"Mtu akikwambia mashati yako yana chawa, akabandika tangazo mlangoni pa duka lako, utasema umepumzishwa?"

Mumewe akarudi kwenye uzi wake. Lakini wifi yake, msusi aliyekaa nyumba ya pili na aliyekuwa na mdomo wa kuchoma maharage bila moto, alikuwa amekwisha kuingia na kujiwekea kiti.

"Hebu nielewe, wifi. Jasho lako lina sumu?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mbona kaka yangu bado mzima? Miaka ishirini na saba analala kando yako na hajakatika hata kidole."

Mama Vyombo akacheka bila kupenda, kisha kicheko kikageuka, na ndipo machozi yalipotoka. Wifi akamshika bega. "Lia, halafu ukimaliza uniambie unawafanya nini hao."

Alichofanya kwanza ni kutaka kuelewa. Huko stoo, kati ya maboksi ya karatasi na katriji za wino, kulikuwa na muda mwingi wa kuzungusha jambo kichwani, na kadiri alivyolizungusha ndivyo lilivyokataa kukaa sawa. Kimiminika kiling'aa, sawa. Lakini Mzee Darubini si ndiye aliyesema vimeng'enya viko kwenye ngozi? Ngozi ya nani? Hakusema ngozi ya waosha vyombo.

Siku ya nne, saa ya chakula cha mchana, alimfuata Mzee Darubini kwenye benchi la nyuma ya jengo, walipozoea kula pamoja. Mzee alibakiza miezi saba kustaafu na alikuwa akiihesabu waziwazi.

"Mzee, nataka unifundishe kama ulivyonifundisha zamani."

"Dada yangu, hili jambo liache lipoe."

"Halikuniunguza tu, limeniacha na makovu. Nifundishe. Vile vipande vya Daktari vinapoingia kwenye seli, vinaibomoa ile pampu iliyopo, au vinazuia mpya isitengenezwe?"

"Vinazuia mpya."

"Na zilizokwisha kutengenezwa?"

Mzee Darubini aliacha kutafuna. "Zinabaki mpaka zichakae zenyewe. Kuna protini zinaisha kwa saa chache. Nyingine zinakaa siku kadhaa."

"Pampu hii inakaa muda gani?"

"Inakaa." Alitazama chini. "Ni ngumu kufa, hiyo."

"Na yeye anapima lini?"

"Kesho yake."

Mama Vyombo aliona kichwani duka la mumewe: kikaratasi cha vipimo kimechanwa leo asubuhi, hakuna shati jipya, lakini kamba nzima imejaa mashati ya wiki iliyopita. Mtu anachungulia jioni, anaona mashati, anasema kikaratasi hakikuchanwa.

"Kwa hiyo huenda vipande vyake vilifanya kazi siku zote," alisema polepole.

"Huenda." Halafu, labda kwa sababu alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake kwa muda mrefu, neno likamponyoka mzee. "Na sahani ya pili ilionyesha."

"Sahani ipi ya pili?"

Ikabidi aseme. Kila mara Daktari anapofanya jaribio, huweka sahani mbili za seli. Ya kwanza ndiyo ya pampu. Ya pili ni ya kulinganisha: inatiwa vipande vingine vya RNA, vya kukata ujumbe wa protini nyingine kabisa, ambayo seli huitengeneza na kuiteketeza harakaharaka. Ipo ili mtu ajue mbinu yenyewe inafanya kazi. Na mara zote tatu, kwenye sahani ya pili, ile protini iliporomoka kama ilivyotakiwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeendesha vipimo.

"Maji ya sahani ya pili yalitoka wapi?"

"Chupa ileile."

"Chupa yangu."

"Ndiyo."

Mama Vyombo alisimama. Kufikia hapo hasira yake yote ilikuwa kwa Daktari, na Daktari alikuwa mgeni, kijana, mwenye haraka zake. Sasa iligeuka yote ikamkalia huyu mtu aliyekula naye kwenye benchi hili miaka kumi na tano.

"Ulijua," alisema. "Maji yangekuwa machafu, sahani zote mbili zingekufa. Ulijua siku ileile. Ulikaa pale unafuta miwani."

"Dada yangu, nina miezi saba. Daktari ana wafadhili nyuma yake. Nikisimama kumuumbua mbele ya watu—"

"Mimi niliumbuliwa mbele ya watu. Miezi yangu iliyobaki ni mingapi? Uliihesabu?"

Chakula cha mzee kilikuwa kimempoa mapajani.

"Sitakutaja," alisema Mama Vyombo. "Sitasema umeniambia. Lakini nitaomba kikao, watu walewale, meza ileile. Na utakuwepo, na mimi nitakutazama."

Akaandika barua kwa mkono, kurasa mbili, akampelekea Profesa. Jibu halikuja. Wiki ya pili akaenda mwenyewe. Akaambiwa Profesa yuko safarini. Wiki ya tatu akaenda tena, akaambiwa Profesa ana wageni. Akaketi kwenye kiti cha korido. "Nitangoja," alimwambia karani. "Stoo haikimbii." Aliketi saa mbili na nusu, mkoba magotini, kila anayepita anamsalimu na kuharakisha, mpaka mlango ukafunguliwa.

"Mama, jambo hili si limekwisha?" aliuliza Profesa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mambo yaishe.

"Kwenu limekwisha, Profesa. Naomba kuuliza. Tangu nihamishwe, nani anaosha chupa?"

"Tunanunua maji yaliyofungwa kiwandani."

"Na pampu imepungua?"

Profesa alisogeza karatasi zake, kisha akakiri. Pampu haikuwa imepungua. Jaribio la nne lilifanyika kwa maji ya kiwandani na likashindwa vilevile, siku kumi zilizopita, na hakuna hata mtu mmoja katika jengo lile aliyeona haja ya kwenda stoo kumwambia.

Alipolijua hilo, Mama Vyombo alitoa mkobani nakala ya barua yake. Siku kumi! Walikuwa na ushahidi siku kumi, na karatasi ile ya mbwa mkali bado ilikuwa mlangoni.

"Nataka kikao," alisema. "Watu walewale kumi na mmoja. La sivyo barua hii naipeleka juu, na nitakwenda nayo mwenyewe."

Kikao kilifanyika Alhamisi. Aliingia na daftari la tanuri chini ya kwapa. Alivaa koti lake jeupe, ambalo stoo hakulihitaji, na wifi yake alikuwa amemsuka nywele nyuma, zimekaza, "ili wakuone uso wote".

Daktari alianza kusema jambo kuhusu nia njema. Mama Vyombo akamkatiza kwa heshima.

"Daktari, una vile vijiti?"

"Vipo, lakini—"

"Siku ile ulipima kiganja changu. Leo naomba ujipime chako."

"Mama, hilo halina maana. Kila binadamu ana vimeng'enya hivyo mkononi."

Alilisema kabla ya kulisikia. Mtu mmoja mwisho wa meza akakohoa.

"Kila binadamu," alirudia Mama Vyombo. "Basi sijaelewa mlithibitisha nini. Naomba tupime wote. Mimi mlinipima bila kuuliza kama lina maana."

Profesa ndiye aliyenyoosha mkono kwanza, hilo ahesabiwe. Kijiti kikazunguka meza, mtu kwa mtu, wengine wanacheka kwa aibu, mpaka vikawa vijichupa kumi na kimoja vimepangwa mstari. Taa ikazimwa. Chini ya mwanga wa zambarau viling'aa vyote kumi na kimoja, na cha Daktari, kwa bahati yake mbaya, kiling'aa kuliko vyote, maana mikono ilikuwa inamtoka jasho.

"Sasa naomba chupa," alisema Mama Vyombo.

Hakuna aliyetikisika.

"Rafu ya juu, kushoto. Chupa za mkanda wa bluu. Zimefungwa foili tangu siku niliyofukuzwa. Mniletee moja, maana mimi siruhusiwi kuingia."

Mtu alitoka mbio akaileta. Profesa mwenyewe ndiye aliyeifungua, amevaa glavu, akasugua ndani ya shingo na ukutani mwake, akachovya. Taa ikazimwa tena. Wakatazama muda mrefu. Kile kijichupa kilibaki cheusi tii.

"Hamkupima chupa," alisema Mama Vyombo. "Kitu cha kwanza kupima kilikuwa chupa. Iko pale rafuni, hatua ishirini. Mlinipima mimi. Mlikuwa na neno tayari, mkaanza kulitafutia mtu wa kulivaa, mkaona huyu hapa, anaosha vyombo, atasema nini?"

Akafungua daftari, akaligeuza lielekee kwao. Kurasa kwa kurasa, saa nne, saa nne, saa nne, na ile sahihi yenye mkia mrefu. Kisha akainua macho na kumtazama Mzee Darubini, kama alivyoahidi.

Mzee alikaa. Alishika miwani, akaiacha. Halafu akasimama, kwa shida, kama mtu anayetoka kwenye matope.

"Kuna sahani ya pili," alisema.

Akaieleza yote: maji yaleyale, chupa ileile, na mara zote tatu sahani ya pili ilikubali. Akasema pia kwamba pampu ni protini ya kudumu na kuipima kesho yake ni mapema mno. "Nililijua hili siku ya kikao cha kwanza," alisema. "Sikusema. Naomba hilo liandikwe pia."

Daktari alikuwa ameiva uso. "Ile sahani ya pili nilidhani ni bahati," alisema, kwa sauti ndogo.

"Mara tatu?" aliuliza Profesa.

Jaribio la tano lilifanyika kwa maji ya chupa za bluu. Kesho yake hawakupima pampu peke yake. Walipima pia ule ujumbe wa kuitengeneza, na wakakuta umebaki kama sehemu moja kati ya tano. Vipande vilikuwa vimefanya kazi barabara. Seli zikarudishwa kwenye kabati la joto. Siku ya tatu pampu ilikuwa imeanza kufifia. Siku ya nne, kwenye filamu ya vipimo, mstari wake uliokuwa mnene mweusi ulikuwa kivuli tu. Walipozitia dawa, seli hazikuwa na nguvu ya kuitema, nyingi zikafa. Maabara nzima ilishangilia. Daktari alikumbatiwa. Miezi minne ya kazi ilikuwa imeokolewa, na ile karatasi mlangoni iliondolewa na mtu ambaye hakujulikana, ikaacha alama nne za gundi.

Mama Vyombo alirudi kwenye masinki yake Jumatatu iliyofuata. Kwanza alikuta tanuri halijafutwa vumbi kwa wiki sita, na jiko la mvuke lina chumvi ya maji kwenye mpira wa mlango. Alifanya kazi siku nzima bila kuzungumza na mtu.

Daktari alikuja jioni, akasimama mlangoni.

"Mama, samahani kama ulijisikia vibaya."

Mama Vyombo alizima bomba, akajifuta mikono, akamgeukia.

"Sikujisikia vibaya, Daktari. Nilifanyiwa vibaya. Ukitaka kuomba samahani, omba ya hilo. Ile ya kujisikia ni yangu, niachie."

Kijana akaondoka. Siku mbili baadaye alirudi akaomba vizuri, kwa maneno yaliyonyooka, na bila ya "kama". Mama Vyombo alimkubalia. Hakumkaribisha chai.

Kwa Mzee Darubini ilikuwa vigumu zaidi. Alimshukuru kwa kusimama. Alimsalimia kila siku. Lakini lile benchi la nyuma ya jengo hakuketi tena, na mzee alipostaafu, kwenye hafla ya kumuaga, alimpa mkono kwa dakika moja kamili.

"Umemsamehe?" wifi yake alimuuliza.

"Nimemsamehe. Ila nikimwona, naiona ile miwani inafutwa. Sijui hilo nalo litaisha lini."

Lililobaki ni barua. Alikwenda ofisi ya utumishi kuomba ile barua ya onyo itolewe kwenye faili lake na kuchanwa. Karani wa mafaili, kijana mpole mwenye tai fupi, alimweleza kwamba barua ikishaingia kwenye faili haitoki. Utaratibu ni kuandika barua nyingine, ya kuifuta ile ya kwanza, na zote mbili zinakaa humo.

"Yaani uongo unabaki?"

"Unabaki, mama, lakini umefutwa."

"Umefutwa na unasomeka."

"Ndiyo, mama."

Alimtazama yule kijana, akaona hana kosa, wala hana uwezo. Barua ya kufuta ilikuwa mistari mitatu, sahihi ya Profesa chini. Ilisema onyo "limeondolewa kufuatia taarifa mpya". Haikusema taarifa gani. Aliirudisha mara mbili. Mara ya tatu ikarudi na mistari minane, ikisema wazi kwamba kipimo kilichofanywa hakikuthibitisha kosa lolote, kwamba chupa zilikuwa safi, na kwamba taasisi inakiri imemkosea. Hiyo aliikubali.

"Sasa nataka zibanwe pamoja," alisema. "Hii juu, ile chini. Asitokee mtu akasoma moja akaiacha nyingine."

Karani akachukua stepla, akazipanga barua, akabana pembeni. Mama Vyombo aliinama, akajaribu kuzitenganisha kwa vidole, taratibu. Zilishika, lakini upande mmoja zilifunguka kama mdomo.

"Weka pini ya pili."

"Mama, moja inatosha."

"Weka ya pili."

Akaiweka.